Aliyekata utumbo na sisi tunaompikia

Dada yangu mkubwa alitoka hospitali na karatasi mbili. Moja ilikuwa na tarehe za kliniki. Ya pili, iliyochapwa pande zote, ilikuwa mwongozo wa chakula cha mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: brokoli ya kupondwa, jibini laini, supu ya bata mzinga, juisi ya tufaha iliyochujwa. Tuliisoma jikoni kwa mama, Tanga, tukitafuta hata kitu kimoja tunachokipika. Dagaa hawakutajwa. Ugali haukutajwa. Maharage yalitajwa mara moja, tena ya kopo. Mama, ambaye ndiye angempikia kila siku kwa miezi miwili, aliuliza, "Sasa huyu atakula nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na kule hospitali hakuna aliyekuwa amemwita mama kumweleza lolote.

Miaka mitatu imepita na swali lile halijanitoka. Nimesikia mazungumzo mengi juu ya waliokata utumbo, na karibu yote yanaishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji: ni bei gani, nani kafanya, kapungua kilo ngapi, je, ni salama. Yanayofuata hayazungumzwi. Na mimi nashikilia kwamba yanayofuata ndiyo mambo yenyewe, kwa sababu yanatokea nyumbani, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewaandaa: mama, mume, shangazi, walimu wenzake, muuza duka la dawa. Aliyepasuliwa ni mmoja. Wanaotakiwa kuzoea ni ukoo mzima na nusu ya mtaa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtaani "kukata utumbo" kumekusanya mambo matatu yasiyofanana. Lipo puto, linaloingizwa kwa kupitia mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, likajazwa, likakaa humo kwa miezi kadhaa na kisha kutolewa. Hapo hakuna kilichokatwa, na hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wamekuwa wakitoa huduma hiyo miaka ya karibuni. Upo upasuaji wa kupunguza mfuko wenyewe, ambapo karibu asilimia 80 ya mfuko huondolewa na kinachobaki kina umbo la ndizi. Na ipo baipasi: sehemu ndogo ya juu ya mfuko, ya ujazo wa takriban mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa, hutengwa na kuunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kipite njia ya mchepuko. Baipasi si jambo la jana. Daktari Edward Mason aliifanya mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na tangu hapo imeboreshwa mara nyingi.

Dada alifanyiwa baipasi. Alikuwa na kilo 127 kwa urefu wa mita 1.62, kisukari, presha, na magoti yaliyomfanya asimame mara mbili kwenye ngazi za shule anayofundisha. Wenzake ni wengi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kila watatu wa umri wa kuzaa nchini Tanzania ana uzito uliozidi au kiribatumbo.

Hata watu wanaompenda walimwambia kwamba ametafuta njia ya mkato. Angetembea, walisema, angeacha chapati. Alitembea, na chapati aliziacha, mara tatu katika miaka kumi, na kila mara kilo alizozipunguza zilirudi na nyongeza. Mwili wa mtu aliyekuwa mnene kwa miaka mingi huupigania uzito wake: ukimpunguzia chakula, njaa inapanda na matumizi ya nguvu mwilini yanashuka. Upasuaji hubadilisha hata mawasiliano ya homoni kati ya tumbo na ubongo, ikiwemo ghrelini, homoni ya njaa, ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa kwenye mfuko wa chakula. Ndiyo maana sukari ya dada ilishuka ndani ya wiki ya kwanza, kabla nguo hazijaanza kumpwaya. Huo si uvivu wa mtu. Ila ni kweli kwamba upasuaji haukuondoa kazi. Uliihamishia mahali pengine, na mahali penyewe ni mezani.

Masharti yanasomeka kama mepesi. Wiki za mwanzo ni vimiminika tu, kisha vya kupondwa, kisha vilaini, mpaka mtu arudi kwenye chakula cha kawaida kama mwezi wa pili. Protini itangulie, angalau gramu 60 kwa siku. Tafuna hadi tonge liwe uji. Usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Ukihisi umeshiba, acha hapo hapo.

Sasa yatekeleze hayo kwenye sinia.

Kwetu mwendo wa kula haupangwi na mtu mmoja. Watu watano wakizunguka pilau, anayetafuna taratibu chakula kinamwishia, na anayenyanyua mkono kabla ya wenzake ana jambo. Mwezi wa tatu tulikwenda shughuli ya binti wa shangazi. Dada alikula vijiko vinne, akakiweka kijiko chini. Shangazi akamtazama. "Kula, mwanangu. Au siku hizi mkono wangu haufai?" Dada akala cha tano, kwa heshima. Hicho cha tano ndicho kilichomnyanyua pale mkekani mbio, mkono mdomoni, mbele ya wakwe.

Kwa tumbo lile kijiko kimoja cha ziada ni maumivu yanayobana nyuma ya kidari, mate mazito yenye mapovu, kisha kutapika. Shangazi hakuwa na ubaya. Alikuwa anafanya alivyolelewa, na sisi sote tumelelewa hivyo: mgeni hulishwa, anayekataa anabembelezwa, anayebembelezwa hula kidogo tena ili asivunje moyo wa mpishi. Adabu hiyo ni nzuri na sitaki ife. Lakini mtu aliyepasuliwa anapoteza nguvu nyingi kila siku kwa kupambana na ukarimu wa watu kuliko anazopoteza kwa kupambana na njaa, na hilo hakuna daktari aliyelitaja.

Ugali ulitusumbua peke yake. Ugali mkavu, mkate mweupe na wali ulioshikana huvimba na kukwama kwenye ule upenyo mdogo kati ya mfuko na utumbo, na mtu aliyekula ugali kwa miaka 38 hawezi kuamini kwamba tonge moja limemlaza. Mama ndiye aliyevumbua njia, kwa kujaribu na kukosea. Alikausha dagaa, akawasaga, akawapika rojorojo na nyanya. Akachemsha changu na kumchambua miiba yote. Choroko alizipika mpaka zikavurugika, bila nazi nyingi, kwa sababu mafuta yakizidi yanamchafua tumbo. Mayai, mtindi usiotiwa sukari, supu ya kuku iliyoondolewa mafuta. Protini ilikuwepo jikoni kwetu siku zote, tena ya bei ya sokoni. Waliochapa ile karatasi hawakufika sokoni kwetu kuitazama.

Na chai. Alikuwa mtu wa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na siku aliyoirudia alihisi moyo unamkimbia, jasho likamtoka, akajilaza sakafuni. Baada ya baipasi sukari huporomoka haraka kwenye utumbo mwembamba, huvuta maji kutoka mwilini, na ndani ya nusu saa mtu anajiona anakufa. Kuna sura nyingine inayochelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula: mwili umemwaga insulini nyingi, sukari ya damu inashuka, mtu anatetemeka na kuweza kuzimia. Katika nchi ambayo mgeni hajakaa vizuri keshaletewa soda, haya yalitakiwa kuandikwa juu kabisa ya karatasi.

Nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko chakula.

Kukonda kuna maana kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kabla watu hawajajua jina la ugonjwa waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa wakati huo. Ng'ambo ya pili, Uganda, waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kizazi kizima kilijifunza kuusoma mwili kwa jicho moja: aliyenenepa mambo yamemnyookea, aliyekonda kakanyaga miwaya. Leo dawa za kufubaza virusi zimewarudishia watu miili yao, na anayeishi na VVU anaweza kuwa mnene kuliko jirani yake. Jicho letu halijabadilika.

Dada alifika mwezi wa tano akiwa amepungua kilo 28. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu kila anapochana, jambo la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena. Ngozi ya shingo ilining'inia, mashavu yalizama. Kwenye chumba cha walimu maneno yakaanza. Mmoja alimletea namba ya mganga. Mwingine alimpa pole bila kusema ya nini. Akawa na njia mbili. Aseme ukweli, aitwe mvivu aliyetumia mamilioni kujikata tumbo. Anyamaze, azikwe akiwa hai kwa ugonjwa asiokuwa nao. Alinyamaza, na siwezi kumlaumu. Hakuna anayedaiwa maelezo ya mwili wake. Nilichomsihi ni kwamba mtu mmoja pale shuleni ajue, ili siku akianguka darasani asipewe soda wala maombi peke yake kabla hajapimwa sukari. Alimchagua mwalimu wa somo la Sayansi, mama mmoja mkimya, na nadhani uamuzi ule ulimsaidia kuliko vidonge vingi.

Ndani ya ndoa nako kulikuwa na kazi. Sweden wamekuwa wakiwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito tangu mwaka 1987, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi kuliko wale ambao hawakupasuliwa, na waliokuwa na wenza waliachana zaidi. Nilipomsomea shemeji alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Wao wawili walikuwa na desturi ya chips mayai kila Ijumaa usiku, sahani moja, redio pembeni. Ndipo walipozungumzia ada, wakwe, kiwanja. Baada ya upasuaji shemeji aliendelea kununua chips kwa miezi, akila peke yake huku dada akimtazama, kwa sababu hakujua mazungumzo yao yangekaa wapi bila ile sahani. Hakuwa anamjaribu. Alikuwa amepotelewa. Siku hizi wanatembea Raskazone jioni za Ijumaa. Ilichukua karibu mwaka kuipata njia hiyo, na nijuavyo mimi wapo wasioipata. Mume anayeambiwa mapema kwamba chakula kilikuwa kinawabebea mambo mengine anaweza kutafuta mbadala kabla ukimya haujaingia nyumbani.

Magoti hayakupona yote kwa kupungua uzito. Mwaka wa kwanza haujaisha alikwenda duka la dawa la mtaani, akaomba cha maumivu, akapewa diclofenac kama anavyopewa kila mtu. Akazitumia wiki kadhaa. Kisha kinyesi kikawa cheusi, na hospitali wakakuta kidonda pale utumbo ulipounganishwa na mfuko. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, ni hatari kwa mtu wa baipasi. Muuza duka hakuuliza kwa sababu hakuna kilichomfanya aulize. Dada hakusema kwa sababu hakujua kwamba linahusika. Kadi moja ndogo ya kuweka kwenye pochi, yenye maneno matatu ya Kiswahili, ingeuzuia ule usiku tuliokesha naye. Kadi hiyo hiyo ingetaja kwamba baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi ipasavyo, maana wanawake wengi waliokuwa hawashiki mimba hushika baada ya kupungua, ilhali wanashauriwa kusubiri angalau mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kwa sisi wa pwani kuna Ramadhani. Yake ya kwanza iliingia mwezi wa nne baada ya upasuaji. Alitaka kufunga. Mtu anayekunywa maji kwa mafunda, asiyeweza kugugumia glasi nzima, hawezi kupitisha lita moja na nusu kati ya magharibi na daku kisha akabaki na nafasi ya protini. Na futari yetu inafunguliwa kwa tende na uji wa sukari, vitu viwili vinavyoweza kumwangusha. Daktari alimkataza. Sheikh wa mtaa alimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa na siku zitalipwa. Lakini ruhusa ya sheikh haikumzuia kula chumbani, mlango umefungwa, watoto wa jirani wasije wakasema. Mwaka uliofuata, kwa kibali cha daktari, alifunga siku kadhaa, akafuturu kwa supu ya samaki, maji kidogo kidogo mpaka usiku wa manane. Tende alikula moja.

Kuhusu wanaosafiri India au Uturuki kwenda kupasuliwa nitasema kifupi. Siwapingi, wengine hupata huduma nzuri. Ila kabla ya tiketi wapate daktari hapa nyumbani aliyekubali kuwapokea na anayejua kilichokatwa.

Sasa kuna uzito kurudi. Wale wa Sweden waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja au miwili, na baada ya miaka kumi ilikuwa asilimia 25. Yaani kurudi kidogo ni sehemu ya njia yenyewe, na hata hivyo, kwa jumla, waliopasuliwa kule walikufa wachache kuliko wenzao wasiopasuliwa. Dada hakuambiwa hivyo. Alifika kilo 84, akashangiliwa, kisha mwaka wa tatu akawa 92. Kwake kilo nane zile zilikuwa aibu. Watu waliokuwa wamesema anaumwa sasa walisema, "Naona umerudi pale pale." Akaanza kuikwepa mizani, na kwa kuwa mizani iko kliniki, akaikwepa kliniki. Mwaka mzima hakukanyaga. Vitamini zikaisha, hakununua nyingine.

Hapo ndipo pananiuma zaidi. Baada ya baipasi mwili haufyonzi ipasavyo vitamini B12, madini chuma na kalsiamu. Vidonge vyake ni vya maisha yote, na damu hupimwa kila mwaka hata kama mtu anajisikia mzima, kwa kuwa akiba ya B12 huisha taratibu na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika bila kelele. Vidonge hivyo havipatikani kila duka na si vya bei rahisi. Nasema wazi: hospitali isiyoweza kumwambia mgonjwa nani atampima damu mwaka wa tatu, na kwa gharama gani, isimpasue. Bei inayotangazwa ihesabu na miaka hiyo. Na siku ya kuruhusiwa, aitwe mtu anayepika nyumbani, akalishwe maneno kwa Kiswahili, kwa majina ya vyakula vya sokoni kwake, aulize mpaka aridhike.

Mwezi uliopita tulimpeleka dada kliniki nyingine, mimi na mama. Alianza kwa kuomba radhi kwa zile kilo nane. Muuguzi akamwambia kwamba kilo watazizungumza baadaye, akamuuliza kama anahisi ganzi miguuni. Dada akasema ndiyo, tangu kama miezi minne, alidhani ni kusimama darasani. B12 ilikuwa chini sana. Alichomwa sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, na ganzi bado haijaisha.

Mama alikuwa amekaa kiti cha pembeni na daftari la matumizi ya nyumbani. Mtaalamu wa lishe alipomaliza na dada, mama alilifungua. Alikuwa ameandika maswali kumi na moja. La kwanza lilikuwa kama wale dagaa anawasaga sawasawa.